Saa za kazi Ngagara: kupumzika si uvivu

Vijana wenzetu, na ninyi ndugu mnaofanya kazi na mashirika, leo tunaandika historia ya usingizi wa mfanyakazi.

Wengi wetu tumetoka Bujumbura. Ngagara, wazee bado wanaiita OCAF, jina la ofisi ya Wabelgiji iliyoijenga miaka ya 1950 kwa Waafrika waliofanya kazi mjini. Maofisini saa zilijulikana: saa sita mchana unarudi nyumbani, unakula, unajinyoosha kidogo, saa nane unarudi kazini. Mwili ulijua saa yake.

Baadaye kikaja kiwanda cha nguo, COTEBU, kilichojengwa kwa msaada wa China upande huohuo wa kaskazini ya mji. Kule watu waliingia kwa zamu, hata usiku. Anayetoka asubuhi anatafuta usingizi wakati watoto wanacheza na jua linachoma mabati. Akishazoea, zamu inabadilika tena.

Wakati wa vita ya 1993 kulikuwa na amri ya kutotoka usiku. Muda ukikukuta kazini, unalala hukohuko. Amri hiyo iliondolewa 2006. Mwaka 2015 vijana wa mitaa wakakesha tena kwa hofu, asubuhi wakaenda kutafuta riziki na macho mekundu.

Mwili haulipwi deni hilo bure. Ndani yetu kuna saa inayofuata mwanga wa jua. Mwaka 2007 watafiti wa saratani wa WHO waliiweka kazi ya usiku inayovuruga saa hiyo kati ya vitu ambavyo huenda vinaleta saratani. Mwaka 2021, WHO na ILO walionyesha kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi asilimia 35 zaidi ya anayefanya saa 35 hadi 40.

Dunia ilijua mapema. Mkataba wa kwanza kabisa wa ILO, 1919, ulisema saa nane kwa siku viwandani. Ule wa 1921 ukaongeza siku moja ya kupumzika kila wiki.

Sasa tuangalie kambini. Mwenzetu analinda usiku kucha, saa mbili asubuhi anaitwa mkutanoni. Akisinzia, anaitwa mvivu. Akikataa, anaogopa kupoteza posho.

Tunaomba mambo matatu tu: ratiba itoke mapema, zamu zisirukeruke, na aliyekesha aachwe alale. Tunajitolea, ndiyo. Lakini afya hatukuitoa.