Njia ya Malindi

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Malindi kwa motokaa ana mwendo wa kilomita 120 hivi, nao ni mwendo wa kupendeza macho. Upande wa kulia ni minazi, na nyuma ya minazi bahari, ambayo huchungulia penye mikono yake iingiayo barani. Upande wa kushoto ni mashamba ya mahindi, mihogo, mikorosho na katani. Wengi huipita njia hii mbio kwa kuutamani mwisho wake. Lakini mtu akienda taratibu, na kila mahali akauliza swali moja tu, yaani, ni nani aliyelima hapa, na mavuno yalikuwa ya nani, atajifunza mengi katika siku moja.

Mara avukapo daraja la Nyali, msafiri hufika Freretown. Mji huu ulianzishwa na wamishonari wa Kiingereza mwaka wa 1875, uwe makao ya watumwa waliokombolewa kutoka majahazini. Wengi wao walikuwa wametekwa mbali sana, katika nchi za kusini. Kengele yao ingalipo, na mahali hapo huitwa Kengeleni hata leo.

Ng'ambo ya maji ya Mtwapa, karibu na ufuko, yako magofu ya Jumba la Mtwana. Nyumba na misikiti yake ya matumbawe ni ya karne ya 14 na ya 15. Jina lenyewe lina maana ya nyumba kubwa ya mtumwa. Kutoka hapo, si mbali, huanza mashamba ya katani ya Vipingo, safu baada ya safu, zimenyoka kama askari katika gwaride. Mmea huu si wa kwetu. Asili yake ni Meksiko. Mwaka wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na ni 62 tu iliyosalimika mpaka Tanga. Kwa miche hiyo michache kilianza kilimo ambacho baadaye kilitaka maelfu ya mikono ya kukata majani yenye miiba chini ya jua kali.

Kabla ya Kilifi, njia ndogo hushuka kulia mpaka Takaungu, mji mdogo uliotulia kando ya maji. Wamazrui walihamia huku baada ya Seyyid Said kuwaondoa katika utawala wa Mombasa mwaka wa 1837. Walipata utajiri kwa nafaka, na nafaka ililimwa na watumwa. Mwaka wa 1895 ugomvi juu ya nani atawale Takaungu uligeuka vita na Waingereza. Mwaka uliofuata Mbaruk bin Rashid wa Gazi, aliyekuwa amejiunga na vita hivyo, alishindwa akakimbilia nchi iliyokuwa chini ya Wajerumani.

Utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka wa 1907. Basi, mtu angedhani kwamba aliyelima angekuwa sasa mwenye shamba. Haikuwa hivyo. Mwaka wa 1908 ilitolewa sheria ya hati za ardhi ya pwani. Mwenye kudai shamba alitakiwa aje alidai mbele ya Serikali, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Wenye elimu ya karatasi walidai wakapata. Wengi wa Wamijikenda, na wengi waliotoka utumwani, hawakuwa na ushahidi ila jembe na miti waliyoipanda. Wakabaki kama wageni juu ya udongo walioufahamu kuliko mtu yeyote.

Katika Kilifi, daraja lililofunguliwa mwaka wa 1991 limechukua mahali pa kivuko cha zamani, na magofu ya Mnarani yanayatazama maji toka ukingo wa kusini. Nyuma ya mji ni nchi ya Wagiriama. Mwaka wa 1913 Serikali ilitaka vijana wao wakafanye kazi katika mashamba ya wageni. Mwanamke mmoja, Mekatilili wa Menza, akasimama akawaapisha watu wakatae. Alikamatwa akapelekwa mbali, nchi ya Wagusii. Akatoroka akarudi kwao. Mwaka wa 1914 Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti, na Wagiriama waliokaa kaskazini ya mto Sabaki walifukuzwa katika ardhi yao yenye rutuba.

Mbele zaidi, miti mikubwa huficha Gede, mji uliostawi katika karne ya 15 na kuhamwa mapema katika karne ya 17. James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka wa 1948, akapata vyombo vya udongo vilivyotoka Uchina. Hatimaye ni Malindi, ambako mfalme wake alimkaribisha Vasco da Gama mwaka wa 1498, na ambako nguzo ya Wareno ingali imesimama juu ya mwamba. Mji huo ulidhoofika baadaye ukawa gofu. Ulipofufuliwa katika karne ya 19, chini ya Sultani wa Unguja, si nguzo iliyoufufua, bali mtama na simsim zilizosafirishwa kwa majahazi. Nazo pia zilikuwa jasho la watumwa.

Mgeni huonyeshwa nguzo na magofu, kwa kuwa mawe hudumu na yana walinzi wake. Shamba haonyeshwi, kwa maana jembe haliachi mnara. Hata hivyo ni shamba, wala si gofu, linaloleta kesi na machozi mpaka siku zetu. Katiba ya mwaka wa 2010 imeagiza kwamba dhuluma za kale juu ya ardhi zichunguzwe, na anayechunguza hana budi kuijua historia. Kwa hiyo, msomaji, ukijaliwa kupita njia ya Malindi, furahia minazi na bahari, kwa kuwa uzuri hauna kosa. Lakini umwonapo mzee ameinama shambani kando ya barabara, usimhesabu kuwa pambo la safari yako. Huenda babu yake ndiye aliyekata mwitu mahali pale, na jina lake halimo katika hati.