Vita ikija, nyumba inabadilisha mwenyewe: tunakumbuka OBMA ya 1997

KINDU. Tangu ndugu zetu waanze kutoka upande wa Kivu mwanzoni mwa mwaka 2025, kisha Goma na Bukavu kuanguka mikononi mwa AFC/M23, kuna swali moja linalorudi kila mara: «Nyumba niliyoacha kule, nikirudi nitaikuta ingali yangu?» Mbele ya kujibu, tukumbuke kwanza. Nchi yetu imeshapita njia hii, tena si mara moja.

Wazee wa Kasongo wanajua ya zamani zaidi. Tarehe 22 mwezi wa ine 1893, jeshi la Dhanis, lililopigana kwa jina la mfalme Leopold II, liliteka mji huo mikononi mwa Sefu, mtoto wa Tippu Tip. Pembe za tembo, bunduki na baruti vikawa mali ya mshindi. Miaka 80 nyuma yake, tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973, Raisi Mobutu alitangaza «zaïrianisation». Hakukuwa vita siku hizo, lakini maduka na mashamba ya wageni yalipewa wenyeji, na wakubwa wa chama na serkali wakawa wa kwanza kujihudumia. Basi mali nyingi ilikuwa imeshatoka mkono mmoja kwenda mwingine kwa amri tu.

Ndipo ukafika mwaka 1997. Mwishoni mwa mwezi wa pili, askari wa AFDL waliingia Kindu. Kisangani ilifuata tarehe 15 mwezi wa tatu, na Kinshasa tarehe 17 mwezi wa tano. Mobutu alikimbia, akafia Rabat, Maroko, mwezi wa tisa mwaka uleule.

Serkali mpya ya Laurent-Désiré Kabila iliunda ofisi iliyoitwa Office des Biens Mal Acquis, kwa kifupi OBMA, yaani ofisi ya mali iliyopatikana kwa njia mbaya. Kazi yake ilikuwa kuwafuata wakubwa wa utawala wa zamani na kurudishia taifa kile walichokula. Tusisahau kwamba watu wengi walifurahi. Wafanyakazi wa serkali walikuwa wanakaa miezi bila mshahara, barabara zimekufa, hospitali hazina dawa, na villa za wakubwa ziko wazi mbele ya macho ya kila mtu. Kusema kwamba mali ya taifa irudie taifa hakukuwa kosa.

Kosa lilikuwa katika namna ya kuifanya. Nyumba nyingi na magari vilikamatwa mbele ya jaji kusema neno. Aliyeiba hazina ya nchi na aliyefanya tu kazi na Mobutu walitiwa katika kapu moja. Tena, villa zilizochukuliwa kwa jina la wananchi zilikaliwa na wakubwa wapya na askari wao. Mwananchi aliyepiga makofi barabarani hakupata mlango wala dirisha. Mwizi alihukumiwa kwa maneno, lakini karatasi ya hukumu haikuandikwa.

Karatasi hiyo ilikosekana hadi Ulaya. Mwezi wa tano 1997 nchi ya Uswisi ilifunga akaunti za Mobutu. Zilikaa hivyo miaka 12, zikingoja Kinshasa ipeleke kesi inayosimama. Mwaka 2009 korti ya kule ilikataa kuendelea, na faranga za Uswisi karibu milioni 7.7 zikarudishiwa warithi wa Mobutu. Waswisi wenyewe waliona haya, wakapitisha sheria mpya mwaka 2010 ili jambo kama hilo lisirudi. Sisi Wakongomani tulipoteza pesa, lakini somo lilibaki: mali ikikamatwa bila kesi, kesho itarudi kwa yule yule, au itabaki kwa mwenye bunduki.

Tarehe 2 mwezi wa nane 1998 vita nyingine ikaanza. Kindu, iliyokuwa ngome ya jeshi la serkali mashariki, ilianguka mikononi mwa RCD mwezi wa kumi. Hadi 2003 nchi iligawanyika. Mtu akiwa upande huu na nyumba yake iko upande ule, hakuwa na wa kumlilia. Shida hiyo ilikuwa kubwa hata ikafika kwenye mazungumzo ya Sun City, Afrika ya Kusini. Mwezi wa ine 2002 wajumbe walipitisha azimio la kurudishia watu na makampuni mali zao zilizokamatwa au kuporwa. Kisha Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu cha 34, ilisema wazi: mali ya mtu ni takatifu, na hakuna atakayekamatiwa mali yake isipokuwa kwa uamuzi wa mamlaka ya sheria yenye haki ya kufanya hivyo.

Mwezi wa ine 2025 serkali ilitangaza kukamatwa kwa mali ya raisi wa zamani Joseph Kabila, inayohamishika na isiyohamishika, ikimshtaki kusaidia AFC/M23. Tarehe 30 mwezi wa tisa, Korti Kuu ya Kijeshi ilimhukumu kifo bila yeye kuwepo, pamoja na kulipa fidia ya dola karibu milioni elfu 33. Wafuasi wake wanasema ni siasa, serkali inasema ni haki. Sisi tunakumbusha jambo moja tu: mtoto wa aliyeunda OBMA leo anakamatiwa mali. Anayeshika kisu leo, kesho anaweza kushika makali. Kwa hiyo kifungu cha 34 kinamlinda kila mtu, hata yule tusiyempenda.

Na mwananchi mdogo? Kwa sheria ya mwaka 1973, udongo ni wa serkali, na haki ya mtu inaonekana kwa «certificat d'enregistrement». Hapa Kasuku, Mikelenge na Alunguli, wengi wetu tuna karatasi ya kununua tu, yenye sahihi ya chefu. Wakubwa wana mawakili. Mkimbizi ana karatasi hiyo na kumbukumbu za majirani.

Basi ndugu zetu, pigeni picha karatasi zenu, muachie mtu wa kuaminika kopi. Andikeni majina ya majirani wa mipaka yote mine ya parseli. Msitie sahihi ya kuuza kwa sababu ya njaa au woga. Na wewe uliyepewa nyumba ya mtu aliyekimbia, hata kama aliyekupa ana cheo, jua kwamba mwenyewe yuko mahali, na ufunguo bado anao mfukoni.