Ugonjwa uliokuwa nao kabla ya ajali: je, unakunyima fidia ya bima?

Umegongwa na bodaboda ukitoka soko la Mbuyuni kurudi Majengo. Mguu umevunjika. Miezi inapita, kidonda hakifungi, na mtu wa bima anakuambia: "Mama, hicho kidonda ni cha kisukari chako, siyo cha ajali." Je, anaweza kukunyima fidia kwa sababu hiyo peke yake? Hapana. Soma ujue kwa nini, na nini ufanye wewe au anayekuuguza.

Bima inayohusika

Sheria ya Bima ya Magari (Sura ya 169) inamtaka mwenye chombo cha moto kinachotembea barabarani akikatie bima ya kuwalinda watu wengine. Wengi tunaiita bima ndogo. Wewe uliyegongwa hukujaza fomu ya bima hiyo. Hivyo hakuna anayeweza kusema ulimficha ugonjwa wako.

Bima yako mwenyewe, kama ile ya ajali binafsi, ni jambo jingine. Hapo uliulizwa kuhusu afya yako. Ukificha kisukari, shinikizo la damu au kifafa, kampuni inaweza kukataa kulipa. Jaza ukweli tangu mwanzo.

Sheria inasemaje kuhusu mwili dhaifu?

Mahakama zetu zilirithi kanuni ya Kiingereza isemayo kwamba aliyekuumiza anakuchukua jinsi alivyokukuta. Mwaka 1962 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya mfanyakazi aliyeungua mdomoni kwa chuma kilichoyeyuka. Mdomo wake tayari ulikuwa na dalili za mwanzo za saratani. Jeraha likaamsha saratani, akafariki. Mwajiri aliwajibika kwa kifo chake, ingawa mtu mwingine angepona.

Lakini kuna mpaka. Unalipwa kwa kile ajali ilichosababisha au kuongeza. Kama goti lilikuwa linauma kabla ya ajali na sasa huwezi kutembea, fidia ni kwa tofauti hiyo. Ndiyo maana rekodi za hospitali zina uzito mkubwa.

Hali zinazoleta ubishi mara nyingi

- Kisukari. Sukari ikiwa juu kwa muda mrefu huharibu mishipa ya damu na ya fahamu miguuni. Kidonda huchelewa kupona na huenda usisikie maumivu. Angalia miguu kila siku baada ya ajali.
- Mvunjiko wa zamani. Picha ya eksirei inaweza kumwonyesha daktari mfupa ulioungana zamani na ule uliovunjika sasa. Tunza picha za zamani.
- Selimundu. Mtoto mwenye selimundu anaweza kupata maumivu makali baada ya kuumia, kupoteza damu au kukosa maji. Mwambie daktari mapema.
- Ujauzito. Siyo ugonjwa, ila nenda hospitali siku ileile hata kama hujaona jeraha. Kondo la nyuma linaweza kuachia baada ya tumbo kupata kishindo.

Fanya haya

1. Tibiwa kwanza. Jeraha la hatari halisubiri karatasi. Mpeleke mgonjwa hospitali, kama Mawenzi au KCMC, na ndugu mwingine aende polisi kufuata fomu ya PF3.
2. Andika namba ya chombo, jina la dereva na simu za mashahidi. Namba ya usajili inasaidia kujua kampuni iliyokatiwa bima.
3. Mweleze daktari magonjwa yako yote na dawa unazotumia. Ukificha, unahatarisha matibabu, na rekodi zikipatikana baadaye utaonekana mwongo hata pale uliposema kweli.
4. Tafuta kadi za kliniki za kabla ya ajali. Kadi inayoonyesha sukari ilikuwa imetulia na miguu haina kidonda ni ushahidi wako mzuri.
5. Mwombe daktari aandike mambo matatu: hali ilivyokuwa kabla, ilivyo sasa, na kwa maoni yake ajali imechangia nini.
6. Weka risiti za dawa na nauli, na siku ulizoshindwa kufanya kazi.

Usiharakishe kusaini

Ukisaini hati ya kukubali malipo ya mwisho, kwa kawaida umefunga madai. Mwenye kisukari au mfupa uliovunjika mara ya pili huenda asijue mapema kama atapona vizuri. Msikilize daktari kwanza. Lakini usikae mno: sheria ya ukomo inatoa miaka 3 kufungua kesi ya madhara ya aina hii.

Ukikataliwa

Omba sababu kwa maandishi. Kisha unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA) au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ukihitaji mtu wa kukusaidia kuandika, uliza ofisi ya kata au halmashauri kuhusu wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na sheria ya mwaka 2017.

Mlezi, kama unauguza mzee au mtoto asiyeweza kujieleza, anza leo: kusanya kadi zake zote za kliniki uziweke kwenye bahasha moja nyumbani. Ajali haitoi taarifa.