Mashindano ya Sataranji ya London, 1851, Yakitazamwa kutoka Kulesa

Vitabu vya historia ya sataranji hupenda kufungua sura ya zama mpya mwaka 1851, pale wachezaji 16 walipokutana London kuanzia tarehe 26 Mei hadi 15 Julai. Mwaka huo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni juu ya sababu inayotolewa. Husemwa kwamba London iliutambulisha ulimwengu kwa mchezaji bora kuliko wote, kwa hiyo hapo ndipo mashindano ya kimataifa yalipozaliwa. Ninadai kwamba kama mizani ya kupimia ubora, mashindano yale yalikuwa mabovu, na kwamba thamani yake imo katika jambo ambalo halisifiwi inavyostahili: yaliandikwa yote, pamoja na kasoro zake. Ubovu ulioandikwa ukajadiliwa, na uliojadiliwa ukarekebishwa. Hoja hii naijenga nikiwa na Kulesa akilini, kijiji cha Wapokomo wa Mto Tana wa chini katika eneo la Garsen nchini Kenya, kwa sababu watu wa bonde lile na wa pwani yote wana mchezo wao wa akili, bao, ambao hadi leo unaishi zaidi vichwani kuliko kwenye karatasi.

Kwanza tuondoe dhana kwamba kabla ya 1851 watu hawakushindana. Katika karne ya 9 mabingwa wa sataranji walipambanishwa mbele ya makhalifa wa Bani Abbas. Al-Adli, aliyeandika kitabu kuhusu mchezo huo, alishindwa na al-Razi mbele ya Khalifa al-Mutawakkil. Mwanzoni mwa karne ya 10 as-Suli alimpiku al-Mawardi, kipenzi cha Khalifa al-Muktafi, na jina lake likadumu kwa karne nyingi kuwa kipimo cha umahiri. Mwaka 1575 Wahispania na Waitalia walikutana Madrid katika baraza la Mfalme Philip wa Pili, Ruy López akiwa miongoni mwao. Hayo yalikuwa mapambano ya watu wa nchi mbalimbali, na dau lake halikuwa dogo. Lakini yalifanyika kwa hisani ya mtawala. Yeye ndiye aliyeita, aliyetazama na aliyetuza, na aliponyanyuka kitini shughuli ilikwisha.

London ilikuwa na msingi mwingine. Howard Staunton, Mwingereza aliyepata sifa kubwa kwa kumshinda Mfaransa Pierre Saint-Amant mjini Paris mwaka 1843, aliona kwamba Maonyesho Makuu yaliyofunguliwa Hyde Park tarehe 1 Mei 1851 yangevuta wageni kutoka pande nyingi. Akapendekeza mashindano ya sataranji yafanyike msimu huohuo, na fedha zichangwe na wapenzi wa mchezo wenyewe. Zilipatikana pauni 500, kiasi kikubwa kwa siku zile. Kila mshindani alilipa kiingilio cha pauni 5. Staunton alitaka pia wajumbe wakae pamoja na kukubaliana juu ya kanuni moja na namna moja ya kuandika mchezo, maana kila nchi ilikuwa na yake. Hilo halikukamilika mwaka ule, ingawa kwa maoni yangu ndilo lililokuwa wazo zito kuliko yote aliyoyaleta.

Kasoro zilijitokeza kabla hata kete haijasogezwa. Klabu ya Sataranji ya London iligoma kushirikiana na klabu ya St George's iliyokuwa mwenyeji. Saint-Amant alikuwa California kwa kazi ya ubalozi mdogo wa Ufaransa. Von der Lasa wa Prussia hakuja, Warusi Petroff na Shumov nao hawakuja, na Jaenisch alifika mashindano yakiwa yameshaanza. Nafasi zao zikajazwa na Waingereza waliokuwa karibu, wengine wa kiwango cha kawaida tu. Mashindano yakaitwa ya kimataifa, na kweli walikuwapo Wajerumani, Wahungaria na wachezaji wa Paris, lakini hakuna aliyetoka Uajemi, India wala nchi za Kiarabu, ambako sataranji ilikuwa imechezwa kwa karne nyingi kabla haijafika Ulaya.

Kisha ikaja kura. Mashindano yalikuwa ya mtoano, na wapinzani walipangwa kwa bahati nasibu bila kutazama nani ana uzito gani. Raundi ya kwanza ilihitaji ushindi wa michezo miwili tu. Kura ikamkutanisha Adolf Anderssen, mwalimu wa hisabati kutoka Breslau, na Lionel Kieseritzky, mmoja wa wachezaji wakali wa Paris. Baada ya michezo mitatu Kieseritzky alikuwa nje. Löwenthal na Bird pia walitolewa katika raundi hiyohiyo. Upande mwingine wa kura, Mucklow na E. S. Kennedy, ambao hakuna aliyewahi kuwahesabu miongoni mwa vigogo, walipangiwa kukutana wao kwa wao, kwa hiyo mmoja wao alikuwa na uhakika wa kusonga mbele. Anderssen alimtoa Szén kwa 4 kwa 2, akampiga Staunton 4 kwa 1 katika nusu fainali, kisha akamshinda mbunge Marmaduke Wyvill katika fainali. Hata waliokubali kwamba Anderssen alistahili waliona kwamba nafasi ya pili na zilizofuata ziligawiwa na bahati kama zilivyogawiwa na uwezo.

Yako na mengine. Anderssen na Szén walikuwa wameafikiana kwamba atakayetwaa tuzo ya kwanza amgawie mwenzake theluthi, na siku zile hakuna aliyeona haya. Anderssen mwenyewe alisita kuja kwa sababu ya gharama za safari, mpaka Staunton alipoahidi kumfidia kutoka mfukoni mwake asipopata tuzo. Na hapakuwa na saa. Mchezaji aliweza kuukodolea macho ubao muda wote aliotaka. Staunton, aliyeangukia nafasi ya nne baada ya kushindwa na Elijah Williams, aliandika kwa uchungu mkubwa juu ya ukawiaji wa mpinzani wake huyo.

Uchungu huo tunaujua kwa sababu mwaka 1852 Staunton alichapa kitabu kizima juu ya mashindano hayo, chenye michezo yenyewe na maelezo yake. Aliyeshindwa ndiye aliyeandika, na maelezo yake yana upendeleo wa wazi, lakini michezo imo, na msomaji anaweza kuipanga upya ubaoni akajiamulia. Kuanzia hapo marekebisho yakafuatana. Mwaka 1861 Anderssen na Kolisch walicheza kwa kupimiwa muda na shisha za mchanga. Mwaka 1862, London tena, mtoano uliachwa na kila mchezaji akakutana na kila mwenzake. Anderssen akashinda mara ya pili, safari hii bila wa kuinung'unikia kura. Mwaka 1883 zikatumika saa za mashine zenye nyuso mbili. Mwaka 1924 shirikisho la dunia likaundwa Paris. Kila hatua ni jibu kwa lalamiko lililokuwa limeandikwa mahali fulani.

Upo ushahidi ambao mtu angeweza kuutumia dhidi yangu. Mchezo wa 1851 unaokumbukwa kuliko yote haukuwa wa mashindano. Tarehe 21 Juni, Anderssen na Kieseritzky, ambaye alikuwa ameshatolewa, walikaa Simpson's Divan, mkahawa wa mtaa wa Strand, wakacheza kwa kujifurahisha. Anderssen aliachia askofu mmoja, akaachia ngome zote mbili, na mwisho akamtoa malkia mwenyewe. Kieseritzky alikuwa amepoteza kete ndogo tatu tu. Katika hatua ya 23 mfalme wake alikuwa amekabwa katikati ya jeshi lake karibu kamili, na waliomkaba ni askofu aliyesalia na farasi wawili. Mtu aseme basi kwamba uzuri ulikuwa barazani na kanuni za mashindano hazikuhusika. Nakubali kuhusu uzuri. Lakini mchezo ule ulitufikia kwa sababu Kieseritzky, aliyefedheheshwa, aliuchapa mwezi uliofuata katika jarida alilolihariri Paris, *La Régence*. Mikahawa ya Ulaya bila shaka ilishuhudia mingine ya aina hiyo kabla yake, na yote imepotea pamoja na waliokuwa wakitazama.

Hapo ndipo hoja inapofika Tana. Julai 1851, mashindano yakimalizika London, mmishonari Krapf aliondoka Rabai kuelekea Ukambani, na katika safari hiyo akaufikia Mto Tana upande wa juu. Maandishi ya Ulaya juu ya mto huu yalikuwa yanaanza tu. Bao, kwa upande wake, lilikuwa la zamani Afrika Mashariki kuliko maandishi hayo: Hyrax Hill, karibu na Nakuru, ziko safu za vishimo vya bao zilizochongwa kwenye mwamba.

Katika bao la Kiswahili wachezaji wawili wana mashimo 32 na kete 64, mara nyingi komwe. Kila mmoja huanza na kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa katika nyumba (shimo moja lenye kanuni zake), na 22 mkononi. Wakati wa namua kete za mkononi huingizwa moja moja, na zikiisha mchezo hugeuka kuwa wa mtaji. Kuteka kete kwa mkono mmoja kunaweza kuleta mzunguko mrefu unaobadili sura ya ubao wote, na fundi anapaswa kuuona mwisho wake kabla hajagusa shimo. H. J. R. Murray, aliyetoa historia kubwa ya sataranji mwaka 1913, mwaka 1952 alitoa kitabu kingine juu ya michezo ya ubao isiyo sataranji, na jamii ya bao ikapewa nafasi kubwa humo. Mwaka 1995 Alex de Voogt alitoa Leiden utafiti juu ya umahiri wa mafundi wa bao, baada ya kukaa nao Zanzibar na kuirekodi michezo yao. Kwa hiyo kwamba bao linaandikika si jambo la kubishaniwa tena.

Bao linaandikika kwa urahisi kuliko watu wanavyodhani. Katika sataranji lazima utaje kete na mahali ilipotua. Katika bao inatosha kutaja shimo la kuanzia na upande wa kuzungukia, na pale panapohusika nyumba, iwapo mchezaji ameivunja au ameiacha. Yanayofuata yote yanaamuliwa na kanuni. Mwanafunzi wa darasa la sita aliyeketi kando ya wazee kivulini Kulesa, akiwa na daftari la kawaida, anaweza kuhifadhi mchezo mzima katika ukurasa mmoja au miwili. Na bonde la Tana lina sababu ya ziada ya kutaka daftari hilo. Mafuriko ya 1997 na ya 2023 yalihamisha watu wengi, na kijiji kikihama wazee hutawanyika kwa jamaa zao, na ujuzi uliokuwa umekusanyika chini ya mti mmoja hutawanyika pia.

Kuna pingamizi ninaloliheshimu. Bao ni maongezi. Watazamaji hushauri, hukejeli, humsifu aliyekula vizuri, na ushindi wake ni wa mahali na wa watu wanaojuana. Mwalimu Nyerere alicheza bao na majirani zake Butiama, wala hakuna aliyehitaji jedwali la matokeo ili kuona maana ya jambo hilo. Ukiweka bao kwenye ukumbi wenye ukimya na mwamuzi, utakuwa umeua sehemu yake. Hili ni kweli, na ndiyo maana sisemi tuanze na ukumbi. Lakini ukimya wa kumbukumbu nao una gharama, na gharama hiyo humwangukia fundi wa kijijini. Mwaka 2009 watoto wa Katwe, Kampala, akiwamo Phiona Mutesi, walishinda mashindano ya watoto wa Afrika huko Juba, na mwaka uliofuata Mutesi akaiwakilisha Uganda katika Olimpiadi ya Sataranji Siberia. Mtoto wa mtaa duni aliweza kuonekana kwa sababu ilikuwapo njia ya matokeo yake kusafiri. Fundi wa bao wa Kulesa, hata akiwa na kipaji cha Anderssen, sifa yake huishia pale wanapoishia waliomwona akicheza.

Tofauti za kanuni ndizo zitakazotusumbua kwanza, kama zilivyomsumbua Staunton. Bao la Zanzibar, la Lamu na bawo la Malawi ni ndugu, lakini watu hubishana juu ya haki za nyumba, juu ya kutakasa (zamu isiyoteka kete), na juu ya mzunguko usiokoma. Staunton alijaribu kukusanya washindani kabla ya kukubaliana kanuni, na akabaki na washindani bila makubaliano. Sisi tuanze upande wa pili: vyuo vya pwani na walimu wa shule za Garsen, Lamu na Tanga waandike jinsi kila mahali panavyocheza, kwa maneno ya mafundi wenyewe, na wayaweke maandishi hayo pamoja na michezo iliyorekodiwa. Kura, saa na tuzo vinaweza kungoja, maana kuamua haki ya nyumba kabla ya kujua Wapokomo wa Kulesa wanaihesabuje ni kuwatoa mashindanoni kabla hayajaanza.