Kijiji cha Rika na Mafunzo ya Mwenendo Kaskazini mwa Ziwa Nyasa

Muda mrefu kabla ya nadharia za ujifunzaji wa tabia kuingia katika huduma za afya ya akili nchini Tanzania, Wanyakyusa, wakiwamo wa uwanda wa Kyela, walikuwa na taasisi yao ya kufunza mwenendo, ambayo mwanaanthropolojia Monica Wilson, aliyeitafiti pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, aliieleza katika kitabu cha Good Company cha mwaka 1951. Mvulana wa takriban miaka 10 alitoka kwa wazazi na kujenga kibanda pamoja na wenzake wa rika pembezoni mwa kijiji cha baba zao, ndio mwanzo wa kijiji cha rika, ingawa waliendelea kula kwa mama zao, wakienda kundi zima nyumba kwa nyumba, hata kila mmoja akawa leo mwenyeji, kesho mgeni. Katika maongezi ya kundi hilo la rika, yaliyoitwa ukwangala, ndimo alimopatia adabu na busara.

Mwanasaikolojia B. F. Skinner angeuona humo uimarishaji, yaani tendo kurudiwa kwa sababu limefuatwa na jema, na mwenzake Albert Bandura angeona kujifunza kwa kuwatazama wengine. Tuzo ilikuwa kukubalika. Adhabu ilikuwa “pumzi ya watu”, hasira ya wanakijiji iliyoaminika kumtia mkosaji maradhi mpaka apatane nao. Hata msiba ulikuwa na somo lake, kwa kuwa wafiwa walitendeshwa kwa makusudi vitendo vya kiwendawazimu ili wazimu wa kweli usiwapate baadaye.

Serikali ya kikoloni ilifuata njia nyingine: hospitali ya Mirembe, iliyofunguliwa Dodoma mwaka 1927, ilimweka mgonjwa mbali na jamaa zake. Huko Marekani, katika miaka ya 1960, wanasaikolojia Teodoro Ayllon na Nathan Azrin waliwapa wagonjwa wa wodi tokeni za kubadilishia bidhaa kila walipotenda ipasavyo, lakini mpango wa namna hiyo ulilaumiwa kwamba tabia njema hufifia mgonjwa akishatoka. Kijiji cha rika hakikuwa na tatizo hilo, maana waliotoa tuzo ndio walioishi na mtu hadi uzeeni. Ubaya wake, nao si mdogo, ni kwamba mgonjwa aliweza kuhesabiwa mkosaji.

Taasisi hiyo haikuvunjwa na madaktari. Uhaba wa ardhi, kahawa ya milimani na mpunga wa uwandani vilimfunga kila mwanamume kwenye shamba lake, huku vijana wakivutwa na dhahabu ya Lupa na migodi ya kusini.