Jinsi Mtungi wa Gesi Ulivyoingia Jikoni Kwetu

Mwaka wa tatu wa kikundi tulipoanza kukopeshana mitungi ya gesi, wengi wetu tuliogopa. Mama mmoja aliuficha wake uvunguni mwezi mzima huku akipikia mkaa. Basi tukamwita fundi atueleze.

Gesi hii ilijulikana Marekani mwaka 1910, Walter Snelling alipochunguza mvuke uliokuwa ukitoroka kwenye petroli. Ikishindiliwa inakuwa maji, ndiyo maana ukitikisa mtungi unasikia yanacheza. Ukifungua, maji yale yanachemka yenyewe bila moto, mvuke unapanda juu. Kwa hiyo mtungi husimamishwa. Ukilazwa yatatoka maji badala ya mvuke. Na kile kichwa kinachoshika mpira kinapunguza nguvu ya gesi isifike kwenye jiko kwa kishindo.

Gesi yenyewe haina harufu. Ule uvundo umetiwa makusudi tujue inavuja. Tena ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni (uvunguni hapakuwa mahali pake kabisa!). Ukiusikia, funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi ya taa.

Lakini kilichotuokolea fedha ni mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye mtungi wenyewe. Ukiutoa, kinachobaki ndiyo gesi. Duka moja lilituuzia mtungi wa kilo 6, tukapima tukakuta gesi kilo nne na nusu. Tulirudi nao kina mama kumi na wawili, tukabadilishiwa. Tangu hapo mizani yetu ya mahindi inakwenda dukani pamoja na mweka hazina.