Mkazo, mnyumbuko na ugezi: matumizi ya istilahi katika upimaji kwa geji na kinasa data

mkazo *nm* mi- [u-/i-] (katika uhandisi) kani inayobebwa na kila kipimo cha eneo ndani ya kitu kilichoelemewa. Kizio chake ni paskali.

mnyumbuko *nm* mi- [u-/i-] (katika uhandisi) badiliko la urefu wa kitu likigawanywa kwa urefu wake wa awali, halina kizio.

ugezi *nm* [u-] ulinganishaji wa matokeo ya chombo cha kupimia na kipimo kinachojulikana, ili kubaini uhusiano uliopo kati yake.

Mtafsiri anayekabidhiwa mwongozo wa kufunga geji kwenye boriti, daraja au mizani hukutana mapema na maneno mawili ya Kiingereza, *strain* na *stress*. Katika Kiswahili cha kila siku yote mawili huelekea kuangukia neno moja, yaani mkazo. Katika mazungumzo hasara yake ni ndogo. Katika mwongozo wa kiufundi hasara ni kubwa, kwa sababu moja ya dhana hizo hupimwa na nyingine hukokotolewa. Msomaji asiyeweza kuzitenganisha hawezi kujua namba iliyo mbele yake inasema nini.

Mkazo na mnyumbuko

Mkazo umetokana na kitenzi *kaza*, chenye maana ya kufanya kitu kisilegee. Neno hilo lina kazi nyingine pia: wanaisimu hulitumia kwa shadda ya silabi, na wasemaji wa kawaida hulitumia kwa msisitizo. Katika uhandisi linafaa kubaki upande wa kani. Anayekaza kamba huitia nguvu; kule kurefuka kidogo kwa kamba yenyewe ni jambo jingine linalostahili jina lake.

Jina linalotumika katika makala haya ni mnyumbuko, kutoka kitenzi *nyumbuka*, yaani kuvutika au kupindika bila kukatika. Inafaa kulitofautisha na *unyumbufu*. Unyumbufu ni sifa ya kudumu ya mata, kama ulaini au ugumu. Mnyumbuko ni tukio linaloweza kupimwa, lililotokea kwa kiasi fulani na kwa wakati fulani. Mpira una unyumbufu hata ukiwa umelala kabatini, lakini hauna mnyumbuko mpaka uvutwe. Wanafunzi wa isimu nao wajihadhari wasilichanganye na *mnyambuliko*, istilahi ya uundaji wa vitenzi.

Mfano wa namba huonyesha kwa nini maneno haya hayawezi kubadilishana nafasi. Ufito wa urefu wa mita 1 ukirefuka kwa milimita 1, mnyumbuko wake ni 0.001, au sehemu 1000 kwa milioni. Ikiwa ufito ni wa feleji, ambayo moduli yake ya Young ni takriban gigapaskali 200, mkazo wake ni megapaskali 200. Ikiwa ni wa alumini, yenye moduli ya takriban gigapaskali 70, mkazo ni megapaskali 70 tu. Mnyumbuko ni uleule, na mkazo umepishana karibu mara tatu. Aidha, mnyumbuko unaweza kuwapo pasipo mkazo wowote: kipande cha feleji kilicho huru kikipata joto la ziada la nyuzi 10 za Selsiasi, hutanuka kwa takriban sehemu 120 kwa milioni, wala hakuna kani iliyokivuta.

Geji, ukinzani na daraja

*Geji* limeshazoeleka katika gereji na karakana: geji ya mafuta, geji ya upepo. Kwa hiyo *geji ya mnyumbuko* ni jina linaloeleweka bila maelezo marefu. Geji hiyo ni waya mwembamba sana, au utando mwembamba wa metali uliokatwa kwa umbo la mistari inayokwenda na kurudi, ulioshikizwa kwenye kipande chembamba cha plastiki. Hubandikwa kwa gundi juu ya kitu kinachopimwa. Kitu kikirefuka, geji nayo hurefuka, na ukinzani wake wa umeme huongezeka.

Tabia hiyo ya nyaya ilielezwa mwaka 1856 na William Thomson, aliyekuja kujulikana kama Lord Kelvin. Geji ya kubandikwa ilibuniwa mwaka 1938 nchini Marekani na watu wawili, kila mmoja kivyake: Edward Simmons huko California na Arthur Ruge huko Massachusetts.

Istilahi ya sifa ya umeme ni *ukinzani*, si *upinzani*. Neno la pili limeshashikwa na siasa na mashindano. Geji nyingi huwa na ukinzani wa omu 120 au 350. Uwiano kati ya badiliko la ukinzani likigawanywa kwa ukinzani wa awali, na mnyumbuko, huitwa *kipeo cha geji*, na kwa geji za kawaida za metali hukaribia 2. Kwa hiyo mnyumbuko wa sehemu 1000 kwa milioni hubadilisha ukinzani wa omu 120 kwa omu 0.24 tu. Badiliko dogo namna hiyo hupimwa kwa *daraja la Wheatstone*, yaani mikono minne ya ukinzani iliyounganishwa kwa umbo la msambamba. Umeme huingizwa kwenye pembe mbili zinazokabiliana, na volteji hupimwa kati ya pembe mbili zilizobaki. Geji ikiwa moja, daraja likiendeshwa kwa volti 5 hutoa takriban milivolti 2.5 kwa mnyumbuko huo.

Mpangilio wa geji moja huitwa *robo daraja*, wa geji mbili *nusu daraja*, na wa geji nne *daraja kamili*. Hapa kuna mtego kwa mtafsiri, kwa kuwa geji hizohizo hufungwa mara nyingi kwenye madaraja ya barabara na ya reli. Sentensi “Vipimo vilichukuliwa kwa robo daraja” inaweza kusomeka kana kwamba sehemu moja kati ya nne ya daraja la barabara ndiyo iliyopimwa. Katika matini ya aina hiyo yafaa kuandika *daraja la Wheatstone* kila mara linapotajwa, na kuliacha neno *daraja* pekee kwa lile linalopitisha watu na magari.

Kinasa data na nyaya zake

*Kinasa data* kimefuata njia ya *kinasa sauti*: chombo kinachokamata kitu kinachopita na kukiweka. Hupima volteji ya daraja, huigeuza kuwa namba na kuihifadhi pamoja na saa ya kipimo. *Kihifadhi data* hakitoshi kuwa badala yake, kwa sababu humfanya msomaji afikirie diski au kumbukumbu ya kompyuta isiyopima chochote.

Maneno ya kuunganisha nyaya nayo yanadai uangalifu, hasa pale mwongozo unapotofautisha *muunganisho wa nyaya mbili* na *muunganisho wa nyaya tatu*. Tofauti hiyo si ya idadi tu. Waya wa shaba unaotoka kwenye geji hadi kwenye kinasa una ukinzani wake, na katika muunganisho wa nyaya mbili ukinzani wote huo huingia ndani ya mkono wa geji. Tuseme nyaya mbili kwa pamoja zina omu 1, na jua limezipasha joto kwa nyuzi 10. Ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.39 kwa kila nyuzi, kwa hiyo zitaongeza omu 0.039. Kinasa kitasoma mnyumbuko wa takriban sehemu 160 kwa milioni. Kwenye feleji, kiasi hicho kingetafsiriwa kuwa mkazo wa megapaskali 32, ingawa hakuna mzigo ulioongezwa.

Waya wa tatu hutoka upande uleule wa geji ulipo mmoja wa zile mbili na kubeba ishara hadi kwenye kinasa. Hapo kila mkono kati ya mikono miwili ya daraja inayopakana hubaki na waya mmoja. Nyaya hizo zikiwa za urefu na unene sawa, tena zimepita pamoja, athari ya joto lake hufutana. Mtafsiri akiandika tu “unganisha nyaya za geji”, ameliacha nje agizo lililokuwa muhimu kuliko yote katika ukurasa huo.

Ugezi, kuweka sifuri, kurekebisha na uhakiki

Neno la Kiingereza *calibration* ndilo linalotafsiriwa ovyo zaidi. Kitenzi cha asili cha Kiswahili ni *geza*, chenye maana ya kupima kwa kulinganisha, nacho ndicho kilichozaa *kigezo*. Kutoka hapo limepatikana *ugezi*, neno linalotumiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kwa kazi hii. Kamusi ya kimataifa ya istilahi za vipimo, ijulikanayo kwa kifupisho VIM, inaonya kwamba ugezi usichanganywe na urekebishaji. Maneno manne yafuatayo yana mipaka yake:

- Kuweka sifuri ni kukiamuru kinasa kihesabu hali ya sasa kuwa mwanzo. Hakuthibitishi usahihi wa usomaji wowote mwingine.
- Ugezi ni kulinganisha usomaji wa chombo na kiasi kinachojulikana, na kuandika tofauti iliyoonekana.
- Kurekebisha ni kukibadilisha chombo au mipangilio yake ili tofauti hiyo ipungue. Hufuata ugezi, na baada yake ugezi hufanywa tena.
- Uhakiki ni kuthibitisha kwamba chombo kinatimiza masharti yaliyowekwa, kama Wakala wa Vipimo wa Tanzania unavyofanya kwa mizani za biashara.

Agizo “rekebisha kinasa kila mwaka” humruhusu fundi kugeuza mipangilio bila kuandika kwanza kosa lilikuwa kiasi gani. Vipimo vya mwaka uliopita hubaki bila njia ya kusahihishwa. “Fanya ugezi wa kinasa kila mwaka” humtaka alinganishe na kuandika kabla ya kugusa chochote.

Ugezi wa geji una njia mbili zinazotajwa sana, na kila moja inahitaji jina linaloonyesha inachokagua. Ya kwanza ni *ugezi wa rezista sambamba*. Rezista yenye ukinzani mkubwa huunganishwa sambamba na geji ili kuiga mnyumbuko. Kwa geji ya omu 120 yenye kipeo cha 2, rezista ya omu 59,880 huiga sehemu 1000 kwa milioni, ingawa usomaji utakuwa wa alama hasi kwa kuwa ukinzani umepungua. Njia hii hukagua nyaya, daraja na kinasa. Haikagui gundi: geji iliyobanduka nusu itafaulu jaribio hili bila tatizo.

Ya pili ni *ugezi wa mzigo unaojulikana*. Utepe wa feleji wenye upana wa milimita 25 na unene wa milimita 3 ukishikwa upande mmoja, na uzito wa kilogramu 1 ukaning’inizwa milimita 200 kutoka kwenye geji, mnyumbuko unaotarajiwa juu yake ni takriban sehemu 262 kwa milioni. Mizigo huongezwa hatua kwa hatua, kisha hupunguzwa kwa hatua zilezile. Usomaji wa kupanda ukitofautiana na wa kushuka, gundi na mshiko wa utepe ndivyo vya kuchunguzwa kwanza. Njia hii hukagua mnyororo wote, kuanzia chuma hadi namba.

Sentensi za mfano

*Isiyofaa:* Geji ilionyesha mkazo wa sehemu 450 kwa milioni.
*Inayofaa:* Geji ilionyesha mnyumbuko wa sehemu 450 kwa milioni, sawa na mkazo wa megapaskali 90 kwenye feleji.

*Isiyofaa:* Baada ya ugezi, usomaji wote ulianzia sifuri.
*Inayofaa:* Baada ya kuweka sifuri, ugezi ulifanywa kwa mizigo mitano.

*Isiyofaa:* Upinzani wa geji ni omu 350.
*Inayofaa:* Ukinzani wa geji ni omu 350.

Ushauri kwa mtafsiri na mwalimu

Kabla ya kuchagua neno, atazamwe kizio. Namba ikiambatana na paskali, neno ni mkazo. Ikiwa ni sehemu kwa milioni au haina kizio, neno ni mnyumbuko. Kwa upande wa vitenzi, aulizwe fundi anatakiwa kufanya nini kwa mikono yake: analinganisha, anabadilisha, au anaanza kuhesabu upya? Jibu ndilo litakaloamua kati ya ugezi, urekebishaji na kuweka sifuri. Matini ya chanzo yenyewe ikiwa imelegea, kama miongozo mingi ilivyo, haifai kuuhamishia ulegevu huo katika Kiswahili. Fundi atakayepanda kwenye boriti na mwongozo huo mkononi hatakuwa na matini ya chanzo ya kulinganishia.